Mkuku Kabla ya Rangi

Kila fani ina mlango wake, na aghalabu mlango huo haufanani na nyumba. Atakaye kuwa mshairi hudhani kwamba atafunzwa kwanza tamathali za kuwashangaza wasikilizaji. Akifika kwa mjuzi huambiwa ahesabu mizani kwa vidole. Atakaye kuunda vyombo vya baharini hutamani kuchonga nakshi za shetri. Hupewa pamba na nyundo, akaambiwa akae chini akalafati. Fani ya kutengeneza kurasa za tovuti, ambayo vijana wetu wengi wa visiwani wanaitamani kwa riziki na kwa sifa, nayo ina mlango wa namna hiyo, mnyonge wa sura, na wengi huupita bila ya kuugusa.

Mimi si mtaalamu wa kusomea. Riziki yangu nimeipata katika ualimu wa skuli. Mashairi ni maradhi yangu ya tangu utotoni. Na kompyuta nilianza kuishika katika vijumba vya intaneti vya Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo mtu aliweza kumaliza kikombe cha kahawa kabla ukurasa mmoja haujajitokeza wote. Mapenzi ya mashairi ndiyo yaliyonisukuma kujifunza namna ya kuyaweka mtandaoni, na kwa ajili hiyo nimefikwa mara nyingi na lile suali la vijana: nianze na nini? Muulizaji mara nyingi huwa amekwisha kujichagulia jibu. Anataka kuanza na rangi, au na picha zinazojongea, au na ile programu inayomwezesha kuburuta visanduku kwa kidole hata ukurasa ukawa tayari kabla ya magharibi.

Jibu langu ni jengine, na nisipolieleza kwa kisa huonekana kuwa ni ukaidi wa mtu mzima tu.

Alikuwapo mzee mmoja, mshairi wa shamba, ambaye jina lake silitaji kwa kuwastahi watu wake. Alikuwa na madaftari matano ya mashairi, mengine kwa herufi za Kirumi na mengine kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea wengi wa rika lake. Mnamo mwaka 2006 kikundi chake cha washairi kilichangishana fedha, kikaiajiri kampuni moja ya mjini ikitengenezee tovuti. Kampuni ikachukua madaftari mawili ya mzee ili yapigwe chapa. Tovuti ikatoka, na haki isemwe, ilipendeza. Jahazi lilipita juu ya ukurasa, mawimbi yakicheza, na ulipobonyeza tanga shairi lilijikunjua kama mkeka. Mzee aliletwa mjini kuja kuitazama, akacheka hata akatokwa na machozi. Madaftari mawili hayakurudi. Kampuni ilihama, kisha ikafungwa, na hapana aliyeuliza sana, kwani mashairi yenyewe si yako mtandaoni?

Tovuti ile ilikuwa imetengenezwa yote kwa Flash. Msomaji aliye kijana huenda hakuikuta. Wakati ule ilikuwa ndiyo fasheni. Flash ilifanya ukurasa kuwa kama sanduku lililofungwa. Kivinjari hakikuyaona maneno yaliyomo ndani. Kiliona sanduku tu, kikaita programu nyengine ije kulifungua. Simu za iPhone, tangu zilipotoka mwaka 2007, hazikuikubali programu hiyo. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe, yenye mali yake, ikatangaza kwamba itaiacha. Tarehe 31 Disemba 2020 ikaacha kuihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikawa inakataa kufungua masanduku yake. Mzee alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjukuu wake alipoifungua tovuti ile ili amsomee mama yake, alikuta mstatili wa kijivu. Baadaye ada ya jina la tovuti haikulipwa, na hata ule mstatili ukatoweka. Tuliitafuta katika hazina ya Internet Archive, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996 ambayo huhifadhi nakala za kurasa za mtandao. Tukaupata ukurasa wa mwanzo: jina la kikundi, mwaka, na mahali patupu palipokuwa na mashairi.

Sasa naomba msomaji alinganishe jambo hilo na jengine. Mwaka 1989 Muingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na mji wa Geneva, alipendekeza mpango wa kuunganisha maandishi ya watafiti yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Kutokana na mpango huo ikapatikana tovuti ya kwanza duniani, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Mwaka 2013 wenyewe CERN waliirudisha nakala yake ya mwaka 1992 katika anwani yake ya awali. Ukiifungua leo kwa simu yoyote, inafunguka, na neno halikupotea. Haina jahazi wala mawimbi. Hata picha haina, kwani alama ya kutia picha ndani ya ukurasa ilipendekezwa mwaka 1993 na Marc Andreessen, kijana aliyekuwa akiunda kivinjari cha Mosaic. Ilicho nacho ukurasa ule ni maneno, na maneno hayo yametiwa alama zinazosema kila fungu ni kitu gani: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kukupeleka pahala pengine. Katika waraka wa mwanzo wa mwaka 1991 alama zenyewe zilikuwa 18 hivi. Mtu angeweza kuzihifadhi kwa jioni moja.

Alama hizo ndizo zinazoitwa HTML, na ndizo mlango niliousema. Zimeongezeka tangu wakati huo, lakini tabia yao ni ile ile: huieleza mashine maana ya fungu la maneno, wala hazishughuliki na uzuri wake. Uzuri ni kazi ya lugha nyengine, CSS, iliyopendekezwa Oktoba 1994 na Mnorwe Håkon Wium Lie, ikathibitishwa kwa mara ya kwanza Disemba 1996. Kwa hivyo hata kitarehe, kitu kilitangulia na pambo likafuata baada ya miaka kadhaa. Anayeanza leo akifuata mpangilio huo huo hatapoteza kitu.

Mjukuu wa mzee alinijia na madaftari matatu yaliyobaki, ameyafunga ndani ya khanga. "Ami," alisema, "nifundishe kutengeneza tovuti. Nataka kuyarudisha ya babu." Alikuwa amepata mafunzo ya wiki chache pahala fulani, akijua kuburuta visanduku, na katika simu yake alikuwa na mifano ya rangi alizozipenda. Nilimwambia afungue Notepad, ile programu kavu ya kuandikia, ambayo kwa miaka mingi haikujua hata kukoza herufi. Hakuridhika.

"Ami, hii si ya kuandikia orodha ya sokoni?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Andika."

Sikutaka aanze kujifunzia kwa maneno ya babu yake, basi nikamtungia ubeti wa mazoezi, ambao wajuzi watausamehe:

Mwanafunzi wa bahari, mfuate mjuaji,
Usijidai hodari, kwa tanga la mpambaji,
Mkuku ndiyo habari, rangi haizuwi maji,
Kwanza tengeza mkuku, ndipo ukipake rangi.

Akaupiga chapa kama unavyouona, mishororo minne imekaa sawasawa, akalihifadhi faili kwa jina linaloishia na html, akalifungua katika kivinjari. Kioo kikamwonesha hivi:

Mwanafunzi wa bahari, mfuate mjuaji, Usijidai hodari, kwa tanga la mpambaji, Mkuku ndiyo habari, rangi haizuwi maji, Kwanza tengeza mkuku, ndipo ukipake rangi.

Shairi limekuwa nathari. Kijana alidhani kompyuta ina hitilafu. Haina, kivinjari kilitenda kama kinavyotakiwa kutenda. Kanuni yake ni kwamba mwisho wa mstari ulioubonyeza wewe, na nafasi tupu hata zikiwa kumi, vyote ni sawa na nafasi moja. Katika daftari jicho huona kwamba mshororo umekwisha kwa sababu karatasi imeachwa nyeupe. Mashine haiuoni weupe huo. Haijui kwamba haya ni mashairi mpaka iambiwe, na hapana wa kuiambia isipokuwa yule anayejua.

Sijaona somo la kwanza lililo bora kuliko hilo kwa mtu wa mwambao. Vitabu vingi vya kufundishia humpa mwanafunzi aya za maneno yasiyo na maana ajaze ukurasa, na aya, hata ukiikata vibaya, haipigi kelele. Ubeti hupiga kelele. Ukikosea mahali pa kukata, sikio la mtoto wa darasa la nne litakwambia.

Tukaiambia. Alama ya p, ambayo asili yake ni ya aya, tukaifanya uzio wa ubeti mzima. Na alama ya br, inayovunja mstari, tukaitia mwisho wa kila mshororo. Nusu saa haikutimia na shairi likasimama kwa miguu yake minne. Ni lazima niseme hapa kwamba HTML haina alama yake khasa ya ubeti wala ya mshororo. Iliundwa katika nyumba ya wanafizikia, kwa ajili ya waraka wenye vichwa, orodha na aya, na hakuna aliyewakumbuka watunzi. Sisi tunaazima. Si aibu kuazima, almuradi mtu ajue anaazima nini.

Nilipomuuliza kina cha kati kiko wapi, alinionesha mkato. Kweli, upo. Lakini mikato imo kila pahala, na mashine haitafautishi mkato wa kugawa vipande na mkato wa kuorodhesha samaki. Mshororo wa mizani 16 una nyumba mbili za mizani 8, na katika ukurasa wake hapakuwa na lolote lililosema hivyo. "Mbona inaonekana?" akauliza. Nikamwambia afungue faili lile lile kwa simu yake.

Kioo cha simu ni chembamba. Mshororo wetu haukuenea, na kivinjari kikaukunja kilipoona inafaa: "mjuaji" likaanguka peke yake chini, "mpambaji" nalo vivyo hivyo, na ubeti wa mishororo minne ukawa ngazi iliyovunjika. Kina cha kati kikawa katikati ya mstari, kina cha mwisho kikawa yatima. Na simu ndiyo wanayosomea watu wetu; wangapi hapa Unguja au Pemba au Lamu wana kompyuta nyumbani?

Dawa ya maradhi haya wenyewe tulikuwa nayo zamani. Ubeti wa shairi tumeuona ukichapishwa kwa mishororo minne mirefu, na tumeuona ukiandikwa kipande juu ya kipande. Ubeti wa utenzi, ambao una vipande vinne vya mizani nane nane, katika miswada ya kale huandikwa mstari mmoja au miwili, na vipande vikatengwa kwa alama ndogo. Vitabuni huwekwa vipande vinne kwenda chini. Karatasi hubadilika na ubeti ni ule ule, kwa sababu mwandishi alijua kipande kinaishia wapi. Basi tukakizungushia kila kipande uzio wake kwa alama ya span, ambayo haina maana yoyote hadi uipe jina, na jina tukalipa kwa Kiswahili: kipande. Kivinjari hakijali lugha ya majina hayo. Katika mafaili ya kijana huyu leo utakuta ubeti, kipande, kituo, na ninakiri kwamba kuyaona maneno hayo ndani ya mifupa ya ukurasa kulinifurahisha kuliko jahazi lolote lenye kujongea.

Baada ya hapo mistari miwili mitatu ya CSS ilitosha kusema: kioo kikiwa kipana, weka vipande viwili bega kwa bega, kikiwa chembamba, weka kimoja chini ya mwenzake. Mtindo huo wa kuufanya ukurasa ufuate umbo la kioo ulipewa jina lake na Mmarekani Ethan Marcotte mnamo Mei 2010, na leo kila anayefundisha fani hii huutaja siku ya kwanza. Mimi naona unatajwa mapema mno. CSS huweza kukipanga kipande ikiwa tu kipande kimetajwa. Aliyeanza na visanduku vya kuburuta hupanga visanduku. Ubeti uliomo ndani ya kisanduku unabaki tonge moja.

Fikiri juu ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa midomoni mwa watu na katika karatasi za hapa na pale. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Katika karne hiyo mashairi yamepita mikono mingapi, na hapana mkono hata mmoja ulioyapamba. Kazi ya wale watu ilikuwa ni kujua neno ni lipi, mshororo unaanzia wapi, na kuliandika hivyo ili ajaye baadaye alijue bila ya kuwauliza. Nikitafuta mfano wa anayeanza kutengeneza tovuti, humwona mnakili kabla ya kumwona mchoraji.

Somo la lugha lilikuja kwa njia nisiyoitazamia. Nina rafiki asiyeona, hodari wa kusikiliza mashairi, ambaye simu na kompyuta humsomea kwa sauti. Tulimpa ukurasa wetu wa kwanza. Mashine ikausoma kwa matamshi ya Kiingereza, kwa sababu hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba maneno haya ni ya Kiswahili. Kwa maneno mengine hilo ni kichekesho tu. Kwa mashairi ni msiba. Chukua maneno kama kale, pale, wake. Kwetu kila moja ni mizani mbili. Herufi hizo hizo ni maneno ya Kiingereza pia, na kwa matamshi yao kila moja linakuwa mizani moja. Kipande cha mizani nane kikawa cha sita, na rafiki yangu akauliza nani huyu mtunzi asiyejua kuhesabu. Tiba yake ni herufi chache katika alama ya mwanzo kabisa ya ukurasa, lang="sw", na msomaji wa mashine mwenye sauti ya Kiswahili, kama ile iliyomo katika programu ya bure ya NVDA, huigeukia. Hakuna anayeziona herufi hizo kwenye kioo. Katika kurasa za Kiswahili ninazofungua kutazama chanzo chake, mara nyingi zimeandikwa en, yaani Kiingereza, kwa sababu aliyetengeneza alinakili mfano na hakusoma alichonakili.

Papo hapo mwanzoni mwa faili pana tamko jengine, la UTF-8, linaloiambia mashine herufi zimehifadhiwa kwa utaratibu gani. Waswahili wengi hudhani halituhusu, maana sisi hatuna herufi zenye vikofia. Lakini tuna ng'. Programu za kuandikia hupenda kuigeuza alama ile ndogo kuwa ya kupinda, na tamko likikosekana au likikosewa, ng'ombe huweza kutoka ngâ€™ombe. Nimeyaona hayo katika shairi la harusi. Na madaftari yale yenye herufi za Kiarabu yana mambo yake zaidi: lazima mashine iambiwe kwa alama ya dir kwamba mwendo ni wa kulia kwenda kushoto, na lazima zipatikane herufi za sauti zetu ambazo Kiarabu hakina, kama پ na چ na ڤ. Zote zimo katika Unicode. Kijana alizipata, akaziandika moja moja, polepole, kama mtoto wa chuoni na ubao wake.

Kuna waliomshauri apige picha kurasa za madaftari na kuzibandika tu. Picha ni amana nzuri na tumezipiga. Zikae kando ya maandishi zimsaidie mwenye shaka. Zikikaa badala ya maandishi, hasara ni tatu. Asiyeona hasikii kitu. Mwenye kutafuta neno halipati. Na mwenye bando la shilingi chache hulimaliza: beti 100 za shairi, zikiandikwa kwa herufi, hazizidi sana baiti 16,000, ilhali picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 2 au 3, yaani zaidi ya mara 100 ya shairi zima.

Juu ya rangi na sura za herufi sitasema mengi, ingawa ndizo zinazopendwa. Alifika huko mwezi wa pili, na alifika kwa haraka kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimekwisha kupewa jina. Nilimpa kanuni moja tu, iliyomo katika miongozo ya mwaka 2008 ya kuwafikiria wenye udhaifu wa macho, kwamba tafauti ya mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Rangi zake za mwanzo, samawati juu ya kijani, zilianguka mtihani huo. Alinung'unika siku mbili.

Najua litakaloulizwa: haya yote ya nini, na siku hizi ipo akili mnemba? Ukiiambia kwa Kiswahili ikutengenezee tovuti ya mashairi, hukutengenezea kabla hujamaliza kupiga miayo. Kijana aliijaribu, nami sikumkataza. Ilimletea ukurasa mzuri wa macho, wenye picha ya minazi. Ndani yake kila mshororo ulikuwa umefanywa aya yake, beti hazikutengana, na kituo cha shairi kilikuwa kimekozwa na kufanywa kichwa cha habari. Yeye aliyaona hayo kwa kutupia jicho chanzo mara moja, akayarekebisha. Mwenzake aliyekuwa naye, aliyeanzia kwenye visanduku, alisema ukurasa umetimia. Mashine hizi zitazidi kuwa hodari, sina shaka, na kazi nyingi za mkono zitaondoka. Itabaki kazi ya kujua kama ulicholetewa ndicho, na hiyo haiwezi mtu asiyejua kusoma mifupa.

Yaliyokuwamo katika madaftari mawili hatuyatarajii tena. Tumekusanya beti chache zinazokumbukwa na wazee wa kijijini kwake, na hizo zimeandikwa pamoja na maelezo kwamba zimepokewa kwa mdomo. Madaftari matatu yanaendelea kunakiliwa. La kwanza limekwisha, la pili limefika nusu, na la tatu ndilo lenye shida, kwani mchwa walikuwa wameingia ndani ya sanduku, wakala ukingo wa karatasi kuanzia juu hadi chini.

Juzi alinijia na ukurasa wa daftari hilo la tatu. Mshororo wa pili wa ubeti mmoja umekatika mwisho wa kipande cha kwanza. Maneno yaliyobaki yana mizani tano. Aliniuliza iwapo inafaa akisie neno, maana alikuwa na neno zuri akilini. Nikamuuliza zimeliwa mizani ngapi. Akahesabu kwa vidole, akasema tatu. Nikamuuliza vina vya kati vya mishororo mengine. Akatazama, vyote vilikuwa ri. Tukatunga alama yetu, tukaipa jina la pengo, na ndani yake tukaweka maelezo ya kusomwa kwa wasioona kwamba hapa mizani tatu zimeliwa na mchwa, ya mwisho inajulikana. Kisha akaandika nukta mbili, moja kwa kila mizani iliyopotea, akamalizia na ri, akaweka mkato, akaendelea na kipande cha pili.